Mwaka Niliokaa Mlangoni pa Maoni

Juzi tumemzika Mwalimu Aneth kule Rugera, na mimi nimerudi nyumbani matope ya pale bado yako kwenye kanga yangu, sijataka kuifua. Mvua ilikuwa ile ya ukungu, hainyeshi hasa, inakaa tu juu ya migomba inadondoka taratibu, na watu chini ya turubai wametulia kama wamesinzia. Mchungaji, kijana mzuri tu, akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alibatizwa, alifundisha shule hii na shule ile, akastaafu, akaugua. Akakunja karatasi. Nikamgusa kwa kiwiko aliyekaa ubavuni kwangu, Esperansi, nikamwambia mbona wameruka? Esperansi akanijibu chini chini, wameruka kwa sababu hawakuwepo, tulikuwepo sisi. Na ni kweli. Mwaka ule kwenye kile chumba tulikuwa watatu: mwalimu mstaafu ambaye macho yanamwacha, mimi mpishi niliyeishia darasa la nne, na Esperansi wa kuchota maji. Watatu hao ndio tuliokuwa tunaendesha blogu kumi na mbili za neno la Mungu. Ukicheka, cheka tu, hata mimi nacheka. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, wajukuu ninao tayari, lakini mtu akiniuliza ni lini nilikua mtu mzima, namwambia ni mwaka ule.

Chumba chenyewe kilikuwa Rubwera, nyuma ya kanisa. Zamani ilikuwa stoo ya kahawa. Kahawa iliondoka miaka mingi, harufu yake ikakataa kuondoka. Ukifungua mlango asubuhi inakupokea kwanza yenyewe, halafu ndiyo unaona meza, halafu ndiyo unaona kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mkate wa sikukuu. Dirisha lilikuwa moja, linatazama migomba ya kanisa, na mapema ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani, unakuja kukaa magotini kwetu kama paka. Mpaka leo nikifumba macho nasikia kile kimashine kinavyovuma, vuuu, sauti ya nyuki walio mbali, na birika linakijibu kutoka jikoni. Jiko langu lilikuwa pale pale ubavuni, ukuta mmoja. Nilikuwa napika ndizi na maharage kwa watumishi na wageni wa semina, na saa nne nampelekea Mwalimu chai. Kila nikiingia namkuta ameinamia kioo mpaka pua inagusa.

Siku moja akaniambia, Ma Editha, hebu kaa hapo, nisomee hapa pameandikwa nini. Nikamwambia Mwalimu, mimi nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, nakanyaga moja nasimama, natafuta jingine. Akasema vuka, nakungoja. Nikavuka. Nilikuta mtu wa Kayanga anashukuru kwa neno la Jumapili. Mwalimu akatabasamu, akanionyesha pa kubonyeza, nikabonyeza, na yale maneno ya yule mtu yakatokea mbele ya dunia nzima kwa kidole changu mimi, kidole ambacho asubuhi hiyo hiyo kilikuwa kinamenya ndizi. Kilikuwa bado cheusi kwa utomvu. Sijui nikwambie nini. Nilirudi jikoni nikakuta maharage yamekauka, na sikujali.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuijua, blogu Mwalimu alinieleza hivi: ni kama ubao wa matangazo pale nje ya kanisa, ila huu unaonekana mpaka Ulaya, na kila apitaye anaweza kubandika kikaratasi chake chini. Kila usharika ulikuwa na ubao wake. Wanatuletea mahubiri, picha za kwaya, matangazo ya ndoa na ya misiba, Mwalimu anayaweka. Vile vikaratasi vya wapita njia ndiyo maoni, na havibandikwi mpaka mtu aliye mlangoni akubali. Maneno ya kubonyeza yalikuwa Kiingereza, kwa hiyo Mwalimu aliniandikia kwenye karatasi, tukaigundisha pembeni ya kioo: la kwanza, kubali; la pili, tupa takatakani. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na hospitali walimwambia asubiri zamu. Ndiyo maana aliyekaa mlangoni nikawa mimi.

Na takataka zilikuja! Nilidhani watakuja Wakristo, kumbe walikuja waganga wa pete, wauza dawa za nguvu za kiume, watu wa utajiri usio na masharti. Kulikuwa na mmoja wa Kiingereza, Mwalimu alinitafsiria: anasema kazi nzuri sana, nimejifunza mengi, nitawaambia rafiki zangu waje wasome. Alisifia mahubiri. Alisifia nyimbo. Alisifia tangazo la kisima kilichokauka. Tulipoweka msiba wa mzee mmoja wa Igurwa, akasema vile vile, kazi nzuri sana, endeleeni hivyo hivyo. Nikamwambia Mwalimu, huyu bwana adabu hana lakini moyo anao. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia huyo wala si bwana, ni mashine, inatangaza viatu. Waitu, jamani, niliumia. Nilikuwa nimeshamzoea. Nilikuwa nikimenya ndizi namuona, mwembamba, amevaa sweta, anakaa peke yake nchi ya baridi anasoma habari za kisima chetu. Hata sasa kuna siku mvua ikinyesha namkumbuka kama mtu niliyewahi kumjua.

Sasa, Mwalimu alinipa sheria za kuchambua. Angalia namba za simu, angalia maandishi ya buluu, angalia anayerudia rudia. Zilikuwa nyingi, zikanipita. Nikajitungia yangu moja, wala sikumwambia. Nilisema hivi: kwetu mtu haingii uani kwa watu akaanza tu kusema. Anabisha hodi, anasalimia, anauliza mmeamkaje, mvua ya jana imewafikia, watoto hawajambo, ndipo anatoa kilichomleta. Anayeanza na shida yake hata hajakaa, mbwa wenyewe wanamjua. Basi nikawa nasoma mstari wa kwanza tu. Kama kuna Bwana Yesu asifiwe, kama kuna shikamooni wazee wangu, kama kuna habari za huko, pita mwanangu, karibu. Kama hakuna, takatakani. Kazi ya kutwa nzima nikawa naimaliza chai haijapoa. Mwalimu akawa ananisifu jinsi nilivyo mwepesi, na mimi nanyamaza, najiona nina akili kuliko mashine.

Akaja Ta Byarugaba. Huyo alikuwa mzee wa kanisa kule Igurwa, mtu mrefu asiyependa kucheka. Alishuka kwenye bodaboda, akaingia na karatasi mkononi, tukampa kiti, tukasalimiana vizuri kabisa mpaka tukaulizana habari za ng'ombe. Halafu akafunua ile karatasi. Chini ya mahubiri ya mchungaji wake kuhusu tamaa ya mali kulikuwa na mganga anasema Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na baada ya hapo anauza pete ya utajiri. Ta Byarugaba akaniuliza taratibu, "Ma Editha, hii pete ni ya usharika?" Nikasema hapana mzee wangu. Akasema nauliza kwa sababu waumini wawili wameshanijia wanataka kujua inapatikana siku gani. Mwalimu Aneth aligeukia dirishani, mabega yanamtikisika, nikajua anacheka. Baada ya mzee kuondoka akaniambia kuanzia leo usome mpaka mwisho. Nami nikasoma mpaka mwisho, lakini ni wale waliosalimia tu. Wasiosalimia niliendelea kuwatupa vile vile, mstari mmoja, kidole, kwisha. Niliona hao hawana la kunidanganya, wameshajitangaza wenyewe. Kosa langu liliketi hapo, likawa linaningoja.

Esperansi ndiye nataka mumjue vizuri, maana haya yote ni yake. Watu wake ni Warundi. Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini na tano, mfupi, mwenye nguvu, anachota maji asubuhi, mchana anakuja kunisaidia kumenya, jioni anaimba kwaya. Sauti yake ilikuwa inatoka mahali pakubwa kuliko yeye. Tulikuwa tunakaa kwenye vigoda viwili, maganda yanarundikana katikati yetu, tunatafuna kahawa, tunasema watu. Alinifundisha kupika majani ya muhogo kwa namna yao, nikamfundisha kukaanga senene wasiungue. Na katika kusema kwake kulikuwa na jambo moja alilizoea kulisema huku anacheka. Alisema mimi mama yangu alinitua njiani kama mzigo. Ilikuwa wakati wa kukimbia, yeye ana miaka kama tisa. Waliamka mahali kwenye nyumba ya watu wa kanisa, mama akasema nakuja, hakuja. "Tulikuwa watatu," anasema, anachukua ndizi nyingine, "akabeba wawili." Hao watu wa kanisa ndio walimlea, akavuka nao huku, akaolewa huku. Nilikuwa nacheka naye kwa kuwa anacheka. Mara nyingi nimejiuliza tulikuwa tunacheka nini.

Pasaka ya mwaka ule kwaya ya Rubwera walishona sare, na vitambaa vya kichwa vya njano, wote sawa. Mwalimu akaweka picha yao, wamesimama mbele ya madhabahu wamefungua midomo. Ile picha ilipendwa. Maoni yakaja mpaka mwezi wa kuvuna maharage, watu wa Mwanza, watu wa Kigoma, pongezi, salamu. Siku moja ya gulio, nina haraka maana kulikuwa na semina na wageni wengi, likaja moja linaanza hivi: Yule wa tatu kutoka kushoto mwenye kitambaa cha njano. Basi. Hakuna Bwana asifiwe, hakuna poleni na kazi. Nikasema moyoni, huyu naye anahesabu wanawake wa kwaya kama mbuzi mnadani, tena wote wana kitambaa cha njano, mpumbavu gani. Nikalitupa. Nikaenda kugeuza ndizi. Nakumbuka mvuke ulinipanda usoni ukanipasha kama mtu aliyenishika mashavu, nikawa na raha sana siku hiyo, sijui kwa nini.

Siku kumi na saba zikapita. Asubuhi moja likaja lingine chini ya picha ile ile, hili limesalimia vizuri. Bwana Yesu asifiwe, poleni na kazi ya Bwana. Nikaendelea, jiwe kwa jiwe. Anasema anaitwa Sirasi, yuko upande wa Muyinga. Mtu anayepita mpakani na mizigo alikuwa na picha ya kwaya yetu kwenye simu, akawaonyesha. Anasema tuliandika mara ya kwanza, hamkutujibu. Mama yetu anaumwa sana, na tangu Jumapili iliyopita amenyamaza, hasemi tena. Yule wa tatu kutoka kushoto ni dada yetu Esperansi, kama yu hai, aje. Nilihesabu kwenye picha kwa kidole. Mmoja, wawili, watatu. Alikuwa yeye, amefungua mdomo kuliko wenzake wote.

Nilimkuta anarudi kutoka kisimani. Nilimwambia habari za ile barua, ya mama, ya Sirasi, ya Muyinga. Akaketi juu ya dumu la maji. Akaniuliza walinijuaje, nikamwambia kwa picha. Akauliza tena, mama yangu ndiye alinijua au Sirasi? Nikasema sijui. Ile nyingine, ile niliyoitupa, sikuitaja. Nilijiambia mtu ana safari, usimtwishe. Nikamfungia ndizi mbivu na kahawa ya kutafuna, alfajiri yake akapanda gari la kupitia Ngara. Nikabaki na kile chumba na ule ukungu. Kuna siku za mwaka ule siwezi kuzitofautisha, zote zimeungana kuwa asubuhi moja ndefu nyeupe, nami nimekaa ndani yake, kila maoni yanayokuja nayasoma mpaka mwisho, hata ya viatu. Niliunguza chakula mara mbili. Mwalimu akaniuliza unaumwa? Nikasema ni moshi tu.

Alirudi amenyoa nywele. Hakuja kwanza chumbani, alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda chake, akachukua kisu akaanza kumenya kana kwamba alitoka jana. Nikampa pole ya msiba. Akasema alimkuta hai, siku tatu walikaa pamoja. Mama alimshika mkono hakuuachia, hata kulala alilala ameushika. Lakini mdomo ulikuwa unafunguka, unafunga, hakuna kinachotoka. Halafu akaniambia lile lililomleta jikoni kabla ya kwenda nyumbani kwake. Sirasi alimwambia kwamba mama, kabla ya kunyamaza, alimwita mtu mmoja mwenye kibanda pale senta anayewaandikia watu kwa simu. Akamtoa Sirasi nje. Akasema na yule mtu maneno mengi, mlango umefungwa, yule akayaandika kwa Kiswahili akayatuma huku. Waliporudi kumuuliza, alisema mimi naandikia watu kutwa nzima, maneno ya watu siyaweki kichwani. "Kwa hiyo alisema kwa nini, Ma Editha," Esperansi akasema. "Aliniacha kwa nini. Aliyasema, na mimi sina."

Kisu chake kilikuwa kinakwenda, maganda yanaanguka. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua duniani isipokuwa mimi. Nilitazama yale maganda mpaka yakanizunguka machoni.

"Yalikuja," nikasema. "Niliyatupa mimi."

Kisu kikasimama. "Uliyasoma?"

"Mstari mmoja."

"Ukayatupa kwa nini?"

"Hayakusalimia."

Hakupandisha sauti, na mpaka leo natamani angeipandisha. "Mama yangu anakufa," akasema, "asalimie nini?"

Mwalimu Aneth alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, sijui tangu lini. Sikumuona usoni, jua lilikuwa nyuma yake. Akaniuliza siku niliyoitupa ilikuwa lini. Nikasema ile ya gulio, ya semina kubwa. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inatembea, kama tunavyohesabu mimba ya ng'ombe. Akasema kilichotupwa hakifi siku hiyo, Ma Editha. Pipa linakaa nacho siku thelathini ndipo linajimwaga lenyewe. Leo ni ya ishirini na tisa. Mimi hilo sikulijua! Mwezi mzima nilidhani nimeliunguza, kumbe lilikuwa limelala pale, ukuta mmoja na sufuria zangu.

Tukakimbilia chumbani, tukafunua kitambaa, tukabonyeza, kimya. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na kwetu ukikatika hivyo huulizi unarudi lini. Mwalimu akasema Winifrida ana jenereta. Huyo Winifrida alikuwa na saluni chini ya barabara. Basi tukaibeba kompyuta nzima nzima. Esperansi alijitwika kioo kichwani, amekifunga kwa kanga, mimi nimekumbatia lile sanduku la kompyuta kama mbuzi mgonjwa, Mwalimu mbele na nyaya shingoni na kile kidude cha mtandao mfukoni, anapapasa njia kwa mguu. Watu wa ofisi za wilaya wakasimama kutazama. Mmoja akasema kanisa linahama. Hatukumjibu.

Saluni ilikuwa imejaa, kesho yake kulikuwa na harusi. Winifrida alisikia maneno mawili tu, akaondoa vitana mezani. Alisema petroli iliyomo ni ya kukaushia vichwa viwili, zaidi ya hapo hana, na ya kwenye chupa pale nje imekwisha. Kulikuwa na bibi mmoja chini ya kofia la moto, nusu ya kichwa kinachuruzika. Akasema zima hilo kofia, nywele zangu zitakauka mbinguni. Wakacheka. Tukawasha.

Mtandao ulikuwa unakokota. Ukurasa unafunguka kama mtu mzee anayeinuka kitini, na kurasa zilikuwa nyingi, ilibidi turudi nyuma mmoja mmoja mpaka siku ile ya gulio. Mwalimu haoni, Esperansi hajasoma, basi sauti ikawa yangu. Nikasoma kwa sauti ya juu kila mstari wa kwanza. Pete. Dawa. Viatu. Mkopo bila dhamana. Mume aliyekuacha atarudi ndani ya siku tatu. Wanawake wa saluni walikuwa wananijibu, huyo wa mume mruke, mwenzetu asije akamtaka tena, wakacheka, na harufu ya dawa ya nywele, na ule mvumo wa jenereta, ikawa kama niko ndani ya ndoto ambayo wote wanaijua isipokuwa mimi. Esperansi hakucheka hata mara moja. Alisimama nyuma ya kiti changu, nasikia pumzi yake sikioni. Yale maneno niliyoyatupa mwezi ule yakawa yananipita mbele, na sasa naona mengine hayakuwa taka. Kuna mtu aliandika tu, mwanangu kafaulu. Kuna mtu aliandika, ombeni. Ningependa kuwaomba radhi wote. Sikuwa na nafasi.

Jenereta likakohoa. Winifrida akatoka nje akaliinamisha upande. Ukurasa ukafunguka, nikaweka kidole, nikasoma: Yule wa tatu kutoka kushoto mwenye kitambaa cha njano. Mwalimu akasema, soma mpaka mwisho, Ma Editha, usikimbie. Nikasoma, na haya ndiyo yaliyokuwa yameandikwa:

"Yule wa tatu kutoka kushoto mwenye kitambaa cha njano ni mwanangu. Namjua kwa anavyofungua mdomo. Alizaliwa analia hivyo. Mwambieni sikumwacha kwa kupenda. Mguu wake ulivimba wote kwa mwiba, hawezi kukanyaga, na mimi nina mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Wale watu wa kanisa walisema wana dawa. Nikasema niwafikishe hawa wawili, kesho nirudi nimchukue. Kesho yake njia ilifungwa. Nilirudi baada ya njia kufunguka, nyumba haina mtu. Nimeuliza kila mwaka. Sina la kuomba. Nataka kujua mguu ulipona."

Esperansi akaniambia soma tena pale pa mguu. Nikasoma. Akazunguka kiti, akakaa kwenye benchi la wateja, akapandisha kitenge taratibu mpaka chini ya goti. Pale pembeni kulikuwa na kovu dogo, la kung'aa, kama mbegu ya kahawa. Miaka yote tuliyokaa kwenye vigoda sikuwahi kuliona. Alilitazama kama kitu alichoazimwa. Akalifunika na kiganja, akakaa hivyo, machozi yanashuka na yeye hayafuti. Yule bibi wa nywele nusu alimsogelea, akamwekea taulo mabegani, akarudi kukaa.

Mwalimu akaniuliza kidole chako kiko kwenye la kwanza? Nikasema kipo. Akasema kubali. Nikabonyeza, na maneno ya yule mama yakatoka pipani yakapanda pale chini ya picha, mahali pake.

Ndipo Esperansi akauliza kama kuna mahali pa kumjibu. Mwalimu akasema papo, hapo hapo chini yake. Nikadhani hajaelewa, nikataka kumwambia mama ameshazikwa, Mwalimu akanishika mkono. Esperansi akasema andika. Nikamuuliza niandike nini.

"Andika mguu ulipona. Andika ulipona kabla ya mvua kuanza."

Nikaandika, herufi kwa herufi, jenereta linakohoa, wanawake wote wa saluni wamenisimamia mgongoni. Nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza, "Niweke na jina lako?"

"Usiweke," akasema. "Ananijua."